Nani Mkubwa Hapa?

Mashine yetu ya eksirei ni ya zamani sana. Mimi huwaambia wagonjwa kwamba ndiyo iliyompiga Adamu picha, Mungu alipotaka kuhakikisha ubavu umetoka wote. Wengine hucheka, wengine huniuliza kama ni kweli, na mzee mmoja wa kutoka Kangundo aliwahi kuniambia nisimtanie Mungu nikiwa ndani ya hospitali. Nimtanie nikishatoka nje, maana humu ndani tunamhitaji. Nilimkubalia.

Lakini mzaha ndio kazi yangu, ijapokuwa kwenye ajira nimeitwa mhudumu. Ninaita watu kwa zamu, nawasaidia kuvua mikufu na mishipi, nawasukuma kwa viti vya magurudumu, nawavika aproni nzito, na kabla hawajaingia kwenye kile chumba chenye baridi ya kugandisha uji, nahakikisha wamecheka. Mtu aliyecheka hatikisiki, na picha yake hutoka safi. Binti anayeendesha mashine, msichana wa Mavoko anayeongea Sheng hata akiwa usingizini, husema mimi ni sehemu ya mitambo.

Nimeona mifupa ya kila namna. Waliovunjwa na boda boda peke yao wakiitwa mkutano, Machakos nzima haina uwanja wa kuwatosha. Ila kuna wageni wa aina moja ambao hawaji kwa sababu wameumia. Hao huletwa na polisi, kwa amri ya korti, na korti inataka kujua jambo moja tu: huyu ana miaka mingapi. Wengi wao ni vijana wa kutoka nchi za nje waliokamatwa barabarani au sokoni bila kibali. Hawana cheti cha kuzaliwa, na mzazi wa kuulizwa yuko mbali au hayuko tena. Sheria inasema asiyefika miaka kumi na minane ni mtoto, na mtoto hatupwi jela. Basi wanaletwa kwetu, mkono wa kushoto unalazwa kwenye sahani ya mashine, na mifupa inaombwa kutoa ushahidi.

Swali hilo la miaka nina sababu ya kulipenda. Mimi mwenyewe sijui nilizaliwa lini. Nilizaliwa Mwala, na mwaitu, yaani mama yangu, alikuwa na jibu moja tu: ilikuwa wakati wa yua, ile njaa ambayo watu walikula mbegu walizoweka za kupanda. Ukimwambia kwamba njaa Mwala zilikuwa nyingi, anakwambia ilikuwa ile mbaya. Kitambulisho changu kinasema tarehe mosi Januari, kwa sababu karani aliyenipima kwa macho alichoka kuuliza. Karani huyo alikuwa na huruma na watu wengi. Kila tarehe mosi Januari nusu ya Mwala ina siku ya kuzaliwa, na tukiamua kuchinja tunachinja mbuzi mmoja wa kijiji kizima.

Shuleni nako nilipimwa. Enzi zetu mwalimu alikuwa anakwambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukilifikia, umefika umri wa darasa la kwanza. Mkono wangu ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi. Mwalimu alinirudisha nyumbani, mwaka uliofuata akanirudisha tena, na nikabaki kuchunga mbuzi ambao umri wao niliujua vizuri, kwa sababu mbuzi unamfunua mdomo ukaangalia meno. Masomo nilikuja kuyamaliza ukubwani, hapa Machakos mjini, kwenye madarasa ya jioni tunayoyaita ngumbaru. Tulikalia madawati ya watoto wa darasa la tatu. Nilipoinama kuandika, magoti yaligusa yale masikio ambayo mkono ulishindwa kuyafikia.

Ndiyo sababu, nilipoajiriwa kwenye chumba cha picha, nilimwomba daktari anisomee mkono wangu, anipe siku yangu ya kuzaliwa. Daktari wetu wa kusoma picha ni mtu wa maneno machache. Mimi humwombea apate mengine. Aliniangalia juu ya miwani.

"Wako umefunga duka zamani," akasema.

Kisha, kwa mara moja maishani mwake, akaeleza. Mfupa wa mtoto una kifuniko kwenye ncha, na kati ya kifuniko na mfupa kuna nafasi nyembamba. Kwenye picha nafasi hiyo inaonekana kama mstari mweusi. Mfupa unarefuka kutokea pale. Mtoto anapokua, mistari hiyo inajifunga mmoja mmoja, vidole kwanza, kisha kifundo cha mkono, na wasichana hufunga mapema kuliko wavulana. Daktari akitazama ipi imefunga na ipi bado, anaweza kusema umri uko kati ya hapa na hapa.

"Kati ya hapa na hapa," nikarudia. "Si mwaka kamili?"

"Anayekupa mwaka kamili anakuuzia mbuzi."

Nilimheshimu sana siku hiyo.

Basi asubuhi moja ya baridi, ukungu umefunika vilima vya Iveti mpaka ukadhani vimehama, afande mmoja mwanamke akaingia na wasichana wawili. Walikuwa wamekamatwa upande wa Kithimani, pale sokoni kando ya barabara ya Garissa, wakiuza njugu karanga. Walikuwa Warundi, dada wa mama mmoja. Mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, shingo kama ya twiga aliyesikia kitu. Wa pili alikuwa mfupi, amejifunga kitenge kifuani juu ya sweta, na alikuwa amemshika yule mrefu mkono.

"Ni yupi wa kupimwa?" nikauliza.

"Huyu mrefu," afande akasema. "Anasema ako na miaka kumi na tatu. Hebu mwangalie. Mtoto wa kumi na tatu atanipita mimi na kofia yangu?"

"Labda ni ugali wa Kithimani."

"Mzee, leo sijakunywa chai. Usinichekeshe."

"Na huyu mwingine?"

"Huyo hana maneno. Huyo ni mkubwa. Tulipowashika tukauliza nani mkubwa hapa, akasema ni yeye. Kesi yake ni ya watu wazima. Nimemleta tu kwa sababu huyu mrefu hatembei bila yeye. Tulijaribu kumwacha kituoni, tukakaribia kung'olewa mlango."

Nilimtazama huyo mkubwa. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyezoea kuulizwa tutakula nini. Nikawasalimia.

"Muzuri, papa," akajibu.

Mimi ni Mkatoliki tangu kubatizwa, nimeimba kwaya mpaka paa la kanisa likalegea, na sijawahi hata siku moja kuitwa Papa. Nilimgeukia afande nikamwambia kuanzia leo aniamkie kwa kupiga magoti. Binti wa Mavoko akacheka kule kwenye mashine. Yule mrefu naye akatabasamu, akaufunika mdomo kwa mkono. Mkubwa hakucheka. Baadaye nilielewa kwamba kwao papa ni baba tu, na alikuwa ananipa heshima.

Nikamvuta afande pembeni, nikamuuliza ikiwa huyu mrefu ataonekana ni mtoto itakuwaje.

"Kesho wanarudi kortini. Akiwa mtoto, anaenda kwa nyumba ya watoto, akae hapo mpaka watu wake watafutwe."

"Na dada yake?"

"Jela ya wanawake. Akimaliza, anarudishwa kwao."

"Kila mmoja na njia yake?"

"Mimi sikuitunga sheria, mzee." Alisema polepole, akiangalia kofia yake. "Nimewaambia. Sijui kama wameskia. Kiswahili chao kiko na kona."

Chao kina kona, na chetu cha Ukambani je? Tulikuwa Waswahili wa kuazima pande zote mbili, kila mtu amekuja na chake kutoka nyumbani kwao, na katikati kulikuwa na watoto wa watu.

Kwenye chumba cha picha ndipo nilipoona jinsi kona hizo zilivyo. Mdogo, yaani yule mrefu, alikuwa anatetemeka kiasi cha kutikisa meza. Binti wa Mavoko akasema dada yake aingie amshike mkono usicheze, lakini lazima avae aproni. Ile aproni ni nzito, ndani ina madini ya risasi, inazuia ile miale isimwingie mtu mwilini. Nikaichukua, nikamsogelea mkubwa nikitabasamu kwa meno yote niliyobaki nayo.

"Vaa hii, mama. Ni ya risasi."

Sikujua mtu anaweza kuwa mwepesi vile. Kabla sijamaliza neno alikuwa amemweka mdogo wake nyuma ya mgongo, ukutani, na mikono yake miwili ameitanua. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, akisubiri nifanye nitakalofanya. Na mimi nimesimama pale na aproni yangu kama mwuza nguo za mitumba aliyekosea mtaa.

"Si risasi ya bunduki," binti wa Mavoko akasema kwa upole ambao sikujua anao. "Ni chuma tu, siz. Chuma kizito. Gusa."

Mkubwa akagusa. Akaigonga kwa kidole. Akaivaa, ikamfika miguuni, kisha akaushika mkono wa mdogo wake, mmoja juu na mmoja chini, akaulaza kwenye sahani. Mashine ikanguruma kama kawaida yake, na picha ikaenda kwa daktari.

Daktari aliitazama muda mrefu kwenye kompyuta. Afande alikuwa amesimama mlangoni, mimi nyuma yake, wasichana kwenye benchi la nje.

"Huyu ni mtoto," daktari akasema. "Kila kitu kiko wazi. Kumi na mbili, kumi na nne, hapo katikati. Ni mrefu tu."

"Sawa," afande akasema. Nadhani alifurahi.

"Lakini hivi vidole ni vya nani?"

Tukasogea. Kwenye picha, juu ya kifundo cha yule mrefu, kulikuwa na vidole vingine vimekumbatia, vyeupe juu ya vyeupe. Mifupa ya dada mmoja imelala juu ya mifupa ya mwenzake.

"Vya dada yake," nikasema. "Mkubwa. Alikuwa anamshika asitikisike."

"Mkubwa ana miaka mingapi?"

Nilimwangalia afande, naye akaniangalia mimi.

"Ni mkubwa," afande akasema.

"Nimesikia. Mkubwa wa miaka mingapi?"

"Tuliuliza nani mkubwa hapa, daktari, akasema ni yeye."

"Mliuliza nani mkubwa kati yao wawili, au mliuliza nani mtu mzima?"

"Si ni kitu kimoja," afande akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma.

Nimelifikiria hilo neno mara nyingi tangu siku ile. Kwangu nyumbani, kifungua mimba wangu alianza kuitwa mkubwa siku ndugu yake alipozaliwa, na yeye bado alikuwa ananyonya kwa wizi. Kazini mkubwa ni bosi. Polisi wenyewe humwita mkubwa yeyote mwenye cheo cha juu. Kwenye matanga, watu wakubwa hula kwanza na watoto wanasubiri nje. Neno moja linafanya kazi za watu wanne, na hatulioni kwa sababu kila mtu analijua. Msichana aliulizwa nani mkubwa, akajibu kweli tupu. Angesema nini kingine? Alikuwa mkubwa wa mdogo wake tangu mama yao alipofariki, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye.

"Siwezi kusema kitu kwa vidole vya kuazima," daktari akasema. "Vimepinda na vimefunikana. Ila kwenye hivi viwili naona mistari. Huyu naye apigwe picha yake."

"Korti haikusema huyu apimwe," afande akasema.

"Basi korti iambiwe."

Afande akavua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. "Sasa hapo nimeshikwa," akasema, na akaondoka kwenda kortini, ambako si mbali na hospitali. Hakutuma mtu. Alituachia askari mmoja mlangoni ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia simu.

Daktari akatoka mwenyewe akawaeleza wasichana, kwa utulivu, kwamba kuna uwezekano wote wawili ni watoto, na kwamba mkubwa atapigwa picha akikubali.

"Mimi si mutoto," mkubwa akasema.

"Huenda mifupa yako inasema vingine."

"Mifupa ni yangu. Mimi nasema ni ya mukubwa."

Daktari akanitazama, maana maneno yake ya siku yalikuwa yameisha, akarudi ndani. Nikabaki nao kwenye benchi.

Niliwaletea chai na mandazi ya mama wa kibanda, yale mandazi ambayo ukimrushia fisi anakimbia akidhani ni jiwe. Mdogo alikula mawili kabla sijaketi. Mkubwa aligawa lake, nusu akampa mdogo, nusu akaishika mkononi. Nikajaribu mizaha yangu yote. Nikawaambia habari za Adamu. Nikawaambia mbuzi wa Mwala wana akili kiasi kwamba wakiona mnunuzi anakuja wanafunga midomo wasihesabiwe meno. Mdogo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mkubwa alimpangusa kwa ncha ya kitenge.

"Papa," akaniambia, "wewe ni mutu wa kucheka. Unambie kweli. Wanataka niseme mimi mutoto ili wanifanye nini?"

Nikaacha mizaha. Si rahisi kwangu, ni kama kuambiwa nivue viatu njiani. Nikamwambia nyumba ya watoto ni nini. Nikamwambia jela ya wanawake ni nini.

"Lakini mimi ndio mukubwa wake," akasema. "Mukubwa ndiye anabaki na mudogo. Ndiyo nilisema pale kwa polisi. Wakiuliza mudogo ni wa nani, waone yuko na mutu. Mutoto asiye na mukubwa, wanamuchukua. Nimeona wakichukua."

Alikuwa ameliweka hilo neno mbele ya mdogo wake kama alivyoitanua mikono pale ukutani. Na neno lilelile ndilo lililokuwa linawatenganisha.

"Hapa ni kinyume," nikamwambia. "Hapa mkubwa anaenda kwake, na mtoto anaenda kwake. Kwa sheria ya hapa, watoto wawili ndio wanaweza kwenda pamoja."

"Na nikiwa mutoto, nani atamulinda?"

Ningeweza kumwambia kuna walezi pale, kuna masista, kuna kuta. Niliona yote yatakuwa maneno ya mtu anayeuza mbuzi. Mdogo akamwambia kitu kwa Kirundi, kirefu, akimvuta kitenge, na mkubwa akamjibu kwa ukali. Mdogo akanigeukia akahamia Kiswahili, kama mtu anayeita shahidi.

"Yeye anaogopa kulala peke yake," akasema. "Anasema ni mimi naogopa. Ni yeye."

"Nyamaza wewe."

"Ni kweli, papa. Jela hataweza."

Mkubwa aligeuza uso upande wa mlango. Masikio yake yalikuwa mekundu, au labda ni baridi.

Afande alirudi jua likiwa limekwisha kuumaliza ukungu. Alikuwa na amri ya korti mkononi, na jasho usoni, na nadhani alikuwa amepigiwa kelele na mtu mahali fulani, kwa sababu aliketi kwenye benchi letu bila kuniomba nafasi. Mkubwa akamsubiri apumue. Kisha akamuuliza, kwa uangalifu, neno moja moja.

"Kule kwa watoto, wanachukua wawili?"

"Wanachukua wote walio watoto."

"Nyumba moja?"

"Ya wasichana ni moja."

"Na gari moja?"

"Gari ni hiyo moja tu tuko nayo, mama. Na yenyewe inasukumwa."

Mkubwa alisimama. Akampa mdogo ile nusu ya mandazi aliyokuwa ameishika muda wote. Akaingia kwenye chumba cha picha mbele yetu, hakungoja kuitwa, akasimama kando ya meza.

"Mukono gani?"

"Wa kushoto," binti wa Mavoko akasema.

Hapo akasita. Mkono wa kushoto haupewi mtu, kwao hata kwetu. Mama yangu angenichapa kwa kumpa jirani chumvi nao. Msichana aliangalia ile sahani, akamwangalia binti, akaniangalia mimi niliyekuwa mzee pale ndani. Kisha akaunyosha wa kushoto, na wa kulia akaushikilia chini ya kiwiko, kama unavyompa kitu mtu unayemheshimu. Binti wa Mavoko alimwacha vilevile. Mkono wa pili ulikuwa mbali na picha, haukuharibu kitu.

Nilikuwepo picha ilipofunguka. Mkono ulikuwa mdogo kuliko wa mdogo wake. Kwenye kiganja, mfupa mmoja ulikuwa umewahi kuvunjika ukajiunga wenyewe, umepinda kidogo, bila mtu kuufunga. Vidole vilikuwa karibu kufunga, mistari imebaki kama uzi. Kwenye kifundo, vifuniko vilikuwa bado vimekaa mbali na mifupa yake, nafasi nyeusi wazi kabisa, hata mimi wa ngumbaru niliiona.

Daktari akamwita ndani, akamwonyesha. Sijamwona akimwonyesha mtu picha yake tangu nianze kazi pale.

"Hapa bado unakua," akasema. "Kumi na tano, kumi na saba. Siwezi kujua zaidi ya hapo. Lakini kumi na nane hujafika."

"Naandikwa mutoto?"

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Aliitikia kwa kichwa. Nilitegemea atafurahi, kwa sababu ndicho alichokuja kukubali. Lakini alisimama pale akiitazama ile picha ya mkono wake kama mtu aliyevuliwa cheo mbele ya watu. Miaka yote ile alikuwa amembeba mtu. Akimtafutia chakula, akimvusha mipaka, akijibu maswali ya polisi kwa niaba yake. Na sasa daktari mwenye miwani anamwambia kwamba alipokuwa anafanya hayo yote, alikuwa mtoto. Sikujua kama hiyo ni habari njema. Bado sijui. Mimi nilipoambiwa sijafika umri nilirudishwa kwa mbuzi, nikalia njia nzima kwa sababu ya sikio. Yeye aliambiwa hajafika umri baada ya kazi kuwa imekwisha kufanyika.

Aliyeivunja ile hali ni mdogo, aliyekuwa amechungulia mlangoni akasikia kila kitu.

"Wewe ni mutoto kama mimi," akamwambia dada yake. Alilisema kwa Kiswahili, tusikie sote. "Sasa usinitume maji."

Mkubwa akamchapa kofi la kichwani, dogo, la haki kabisa.

Afande akasema hilo hakuliona, kwa hiyo halimo kwenye kesi.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, niliacha kazi ya kuchekesha watu nikaenda mpaka uwanja wa korti. Nilijiambia napita tu. Watu wa hospitali wakiniona huko wangedhani nimeshtakiwa kwa mizaha. Nilimkuta afande akiwa amesimama kando ya gari lao, lile la kusukumwa, na kabla sijauliza akainua vidole viwili.

"Nyumba moja," akasema. "Hakimu alimuuliza huyu mfupi maswali mpaka nikaogopa. Akamuuliza, wewe ni mtoto? Akamtazama mdogo wake. Hakimu akauliza tena."

"Akasema nini?"

"Akasema daktari anasema."

Watu wao wangetafutwa. Kuna shangazi alitajwa. Ingechukua muda, na sijui ilichukua kiasi gani, maana mimi ni mhudumu wa picha, na picha hazina habari za baadaye. Ninachojua ni kile nilichokiona kwenye ule uwanja. Wasichana waliletwa wakiwa wameshikana mikono. Siku ya kwanza, waliposhuka mbele ya hospitali, nilikuwa nimemwona mkubwa akishuka kwanza, akaangalia kushoto na kulia, ndipo akampa mwenzake mkono. Sasa mdogo alipanda kwanza, kwa miguu ile mirefu, akajikalia dirishani. Mkubwa akapanda nyuma yake, akakaa ukingoni kabisa mwa kiti, upande wa mlango, mgongo umenyooka, macho nje kwa watu.

"Sogea huku," mdogo akamwambia.

Hakusogea.

"Sogea. Mlango watafunga wenyewe."

Mkubwa akatazama mlango, akamtazama afande aliyekuwa ameushika, akanitazama mimi. Nikampungia. Kisha akasogea katikati ya kiti, akakiegemea, na afande akafunga.